Gari Jeusi Linataka Maji Mengi na Mkono Mwepesi

Maneno niliyoyasema Jumamosi asubuhi, Kinondoni, Dar es Salaam, mbele ya madereva wa magari ya harusi na vijana wanaoosha magari.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu mliotangulia kwenye kazi hii, dada zangu, na nyinyi vijana mliokuja na ndoo zenu mkononi: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, habari zenu za asubuhi.

Mwenyekiti aliniomba nizungumze kuhusu usafi wa magari kwa jumla. Nikamwomba ruhusa nizungumzie gari jeusi peke yake, naye amenikubalia, nashukuru. Magari mengi yaliyopaki hapo nje ni meusi, na mwenye harusi anapolikodi gari jeusi anataka bibi harusi ajione usoni kwenye mlango kabla hajafunguliwa. Tena mtu akishajua kuosha jeusi bila kulichubua, jeupe na la fedha hayatamsumbua maisha yake yote.

Kabla sijaendelea, naomba mlio mbele msogee kwenye hii Crown. Dereva wake ameniruhusu, na nimeomba iwekwe hapa chini ya paa makusudi. Kwa mbali inang'aa, si ndiyo? Sasa nawasha tochi ya simu, naishika shubiri moja juu ya boneti. Tazameni pembezoni mwa ule mwanga. Mnaziona zile nyuzi? Zimeuzunguka mwanga kama utando wa buibui. Nikisogeza simu kulia, utando unaifuata. Nikiileta huku kwenye mlango, utando upo. Kwenye buti, upo.

Wengi tukiona hivi tunasema kuna mtu alifuta kwa kuzungusha mkono. Sivyo. Mikwaruzo hii imelala kila upande, mingine imenyooka, mingine mshazari. Jicho linaona ile tu iliyoukingama mwanga, ndiyo maana inaonekana kama duara. Ukifuta kwa mstari ulionyooka na kitambaa chenye mchanga, tochi itakuonyesha duara hilihili.

Na haikuletwa na barabara. Kokoto za barabarani zinaacha vidoti kwenye ncha ya boneti na kwenye bampa, tunavijua. Utando huu umeletwa na mtu aliyekuwa analisafisha gari hili, kwa nia njema kabisa, wiki baada ya wiki. Hilo ndilo lililonitoa nyumbani asubuhi hii. Uchafu ukikaa juu ya gari jeusi unalifanya lionekane chafu tu. Linachubuka pale mkono wetu unapousugua ule uchafu juu ya rangi.

Niwaeleze kidogo rangi yenyewe ilivyo, kwa sababu kijana akijua anachokigusa atakigusa kwa adabu. Chini kabisa kuna bati. Juu ya bati kuna praima, ile rangi ya msingi, juu ya praima ndiyo rangi nyeusi, na juu ya rangi kuna tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi wanaliita klia. Ukizijumlisha zote, kwenye gari lenye rangi yake ya kiwandani, unapata unene wa karatasi moja ya fotokopi, labda na ziada kidogo. Klia peke yake kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50, na mikroni elfu moja ndiyo milimita moja. Unywele wa kichwa chako ni kama mikroni 70. Kwa hiyo kinachoitenga rangi na jua la Dar es Salaam, chumvi ya bahari na tambara letu ni kitu chembamba kuliko unywele.

Mikwaruzo mliyoiona sasa hivi haijafika kwenye weusi. Iko kwenye klia. Weusi uko salama chini, umefunikwa na kioo kilichokwaruzwa. Na gari jeupe lililo kando yake hapo, nawahakikishia, lina mikwaruzo ileile. Ila mkwaruzo hutawanya mwanga, na mwanga uliotawanyika huonekana mweupe. Weupe juu ya weupe jicho halioni kitu. Juu ya weusi, kila mstari unaonekana.

Hata weusi wenyewe si mmoja. Kwenye Toyota, tafuteni lile bamba dogo ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Mtakuta namba ya rangi. Ikiwa 202, hiyo ni nyeusi tupu, haina chembe ndani yake. Ikiwa 209, ina chembe za mika zinazometa kidogo juani, na kule kumeta kunaficha mikwaruzo midogo. 202 haifichi chochote. Ikitunzwa ni nzuri kuliko zote, ni kama maji ya kisima kirefu usiku. Ikioshwa ovyo miezi sita inakuwa ya kijivu, na mwenye gari anadhani rangi imepauka.

Nitawasimulia jambo lililonipata mimi. Ilikuwa miaka ile wanajenga njia za mabasi yaendayo haraka kwenye Barabara ya Morogoro. Nilikuwa naosha magari mahali ambapo sitapataja. Akaja mzee mmoja mwalimu mstaafu na gari lake jeusi, safi, la kwake mwenyewe, alilinunua kwa kiinua mgongo chake. Alikuwa amelipaki siku nzima kandokando ya mahali wanapomwaga zege. Gari zima lilikuwa na unga mwembamba wa kijivu. Umeme ulikuwa umekatika, pampu haivuti, na mzee ana haraka ya kwenda msibani. Nikaona nimsaidie: nikachukua kitambaa kikavu, nikaanza kufuta ule unga kuanzia paa.

Ule unga ulikuwa saruji na mchanga. Nilifuta gari zima. Lilipotoka kivulini, nikaona mwenyewe nilichofanya. Boneti yote ilikuwa kama imepitishiwa msasa laini. Mzee alisimama, akapitisha kidole kimoja taratibu kutoka kwenye taa mpaka kwenye kioo, akanipa pesa yangu, akaingia garini. Hakunigombeza. Baada ya wiki mbili nilimfuata kwake, nikamwomba gari nilipeleke kwa fundi aliyekuwa ananifundisha kupiga polishi, tukashinda nalo siku mbili. Tulirudisha sehemu kubwa ya ule mng'ao. Lakini ili kuurudisha tulilazimika kula klia, na klia ikishaliwa hairudi.

Saruji nimeitaja kwa sababu mji wetu haujaacha kujengwa. Gari likiwa na unga wa saruji, usilifute, na usilinyunyizie maji kidogo halafu ukaliacha juani, kwa sababu saruji ikilowa na kukauka inashika. Maji mengi, mfululizo, kutoka juu kwenda chini, mpaka yanayotoka chini ya milango yawe meupe kama yalivyoingia. Kama huna maji ya kutosha, mwambie mteja ukweli aende nalo hivyohivyo likiwa na vumbi lake. Vumbi halimpunguzii mtu kitu.

Sasa kuosha kwenyewe, na hapa nitakaa, mnivumilie.

Gari likifika, weka kiganja juu ya boneti. Kikishindwa kuvumilia, lisogeze kivulini, fungua boneti, ngoja dakika kumi au kumi na tano. Jeusi linakunywa joto kuliko rangi zote. Ukimwaga maji ya sabuni juu ya bati la moto, yanakauka kabla hujayasuuza, na sabuni ikikaukia kwenye jeusi inaacha ramani.

Anza na matairi na rimu, kwa ndoo yake na brashi yake. Unga wa breki ni chuma kilichosagika. Hautakiwi kukutana na kitambaa cha bodi hata siku moja. Halafu maji juu ya gari zima, kuanzia paa. Mwenye mashine ya presha asisogeze mdomo wa bomba karibu mno, hasa penye rangi iliyopigwa upya au penye kidoti cha kokoto, kwa sababu presha inaingia hapo na kuibandua. Asiye na mashine, mpira wa maji unatosha. Asiye na mpira, kopo na ndoo vinatosha akiwa na subira. Kisha mwagia povu, lipe dakika chache lilainishe, lisikaukie, na suuza tena.

Mpaka hapo mkono wako haujagusa rangi. Naomba hili mlishike kuliko mengine yote niliyoyasema. Sehemu kubwa ya mchanga iondoke na maji yenyewe, kabla kitambaa hakijafika.

Ndipo tunakuja kwenye ndoo mbili za lita ishirini. Moja ina maji na shampuu ya gari, moja ina maji matupu. Tumia glavu ya manyoya au ya maikrofaiba, yenye nyuzi ndefu. Sponji ni bapa. Chembe ya mchanga ikinaswa chini yake haina pa kwenda, inasukumwa juu ya rangi kama kalamu juu ya karatasi. Nyuzi ndefu zinaimeza ile chembe na kuitoa mbali na klia. Dodoki ninaliona kwenye ndoo mbili za vijana hapa mbele. Wanangu, dodoki mliache bafuni.

Unachovya glavu kwenye shampuu, unaosha paa nusu, huikandamizi, unaiacha uzito wake wenyewe ufanye kazi. Unairudisha kwenye ndoo ya maji matupu, unaikung'uta humo, unaikamua, ndipo unarudi kwenye shampuu. Paa, halafu vioo, boneti, buti, milango sehemu ya juu. Chini ya milango na bampa la nyuma ni mwisho kabisa, kwa glavu nyingine ukiweza, kwa sababu huko ndiko kuna matope na lami. Ukimaliza, mwaga taratibu ile ndoo ya maji matupu utazame chini yake. Utakuta mchanga umetulia, mara nyingine ujazo wa kijiko. Kama usingekuwa na ndoo ya pili, mchanga huo ungekuwa umerudi kwenye boneti.

Sabuni ya unga ya kufulia tuiache. Imetengenezwa ing'oe mafuta kwenye nguo, na waksi, yaani ile nta tunayopaka kuilinda rangi, nayo kwake ni mafuta tu. Ukiosha nayo mara tatu, maji hayatiririki tena juu ya gari, yanalala bapa. Na zile punje ambazo hazijayeyuka zinakwaruza. Ya vyombo nayo inaondoa waksi vilevile. Chupa moja ya shampuu ya gari inaosha magari mengi, kifuniko kimoja au viwili kwa ndoo, si ghali mkipiga hesabu vizuri.

Kuhusu vitambaa. Hiki hapa ni kitambaa kizuri cha maikrofaiba, nimekitoa kwenye mfuko wake mbele yenu. Nakiangusha chini. Nakiokota, nakikung'uta mara tatu. Kwa macho ni kisafi. Sasa kipitisheni, kila mmoja akipapase kwa ncha za vidole. Mnasikia vichembe? Kitambaa kikishaanguka chini, kazi ya bodi kimeaga, kiende kwenye rimu mpaka kifuliwe vizuri. Na mkivifua, msitie ile dawa ya kulainisha nguo, inaziba nyuzi na kitambaa kinaanza kusambaza maji badala ya kuyanyonya. Msivianike penye vumbi.

Kukausha ndiko wengi wanakoharibu kazi nzuri waliyoifanya. Tandika taulo kubwa juu ya boneti kama unavyotandika shuka, lipapase kwa viganja, liinue. Usilikokote. Kwenye milango, gusa na kunyonya, gusa na kunyonya. Usiliache jeusi likauke lenyewe kwa upepo, hasa hapa pwani.

Nasema hasa hapa pwani kwa sababu ya maji yetu. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, na penye miamba ya matumbawe maji yanakuwa na chokaa nyingi. Tone la maji hayo likikaukia kwenye boneti nyeusi, maji yanaondoka, chokaa inabaki, nawe unaona duara jeupe. Likipigwa jua siku kadhaa, lile duara linaanza kula klia, na hapo kulitoa ni kazi ya polishi. Likiwa bado bichi, changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kiweke juu ya doa kwa dakika moja hivi gari likiwa baridi, kivulini, halafu suuza kwa maji mengi. Usiiache siki ikaukie.

Ninachofanya mimi ni hiki: nina pipa linalokinga maji ya mvua. Mvua ya kwanza naiacha ioshe vumbi la bati, zinazofuata nakinga. Maji ya mvua hayana chokaa. Gari naliosha kwa maji ya kisima kama kawaida, lakini mwaga wa mwisho, ndoo moja tu, ni wa maji ya mvua. Madoa yamepungua mno tangu nianze. Masika tunayo, vuli tunayo, na mapipa yanauzwa.

Kunguru nao. Hawa kunguru wetu weusi wenye shingo ya kijivu asili yao ni India. Waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wasaidie kula taka, wakavuka na kuenea pwani yote. Sasa wanalala juu ya mikungu na miembe tunayopaki chini yake. Kinyesi cha ndege kina asidi, lakini ubaya mkubwa ni joto. Bati jeusi likipata moto mchana, klia inalainika na kutanuka. Ikipoa jioni inajikunja ikiwa imelishika lile doa, na alama inabaki pale hata ukiosha. Kwa hiyo kinyesi hakingoji Jumamosi. Weka chupa ndogo ya maji na kitambaa kwenye buti. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya kinyesi dakika tano, kinyanyue pamoja nacho. Usikwangue kwa kucha, usikwangue kwa jani. Utomvu wa mwembe ni vivyo hivyo, unauloweka kwanza.

Nimeona wengine wanakimbilia turubai. Turubai juu ya gari safi, ndani ya banda, sawa. Turubai juu ya gari lenye vumbi, nje, kusi likivuma usiku kucha, linalisugua gari lako mpaka alfajiri.

Madereva wa harusi, hapa nawasemea nyinyi. Ile mikanda ya maua na riboni mnayofungiwa kwenye boneti inapigapiga rangi kuanzia nyumbani kwa bibi harusi mpaka ukumbini. Mkitoka Mbezi mpaka Kigamboni kwa mwendo wa msafara, boneti imepigwa maelfu ya mara, na kati ya riboni na rangi pana vumbi. Nimeona boneti ya 202 yenye michirizi miwili ya kijivu kwa urefu wote, umbo la riboni kabisa. Mwambieni mpambaji aivute riboni ikaze isicheze, na kabla hajaifunga, boneti iwe imeoshwa, isiwe imepanguswa tu. Ua liwekwe kwenye grili au juu ya kitambaa laini safi, na selotepu isigusane na rangi. Ikishagusa na ikapigwa jua, gundi inabaki. Iloweshe kwa mafuta ya kula, iache ilainike, pangusa, halafu osha kwa shampuu. Wembe usikaribie hapo. Nimewahi kumwona mtu na wembe juu ya boneti nyeusi na moyo wangu ulisimama.

Na lile vumbi la katikati ya safari, mnapomsubiri bwana harusi kanisani au msikitini, mkono unawasha kupangusa. Nawaelewa. Lile fagio la manyoya mnalolitoa kwenye buti likipita juu ya vumbi kavu linafanya kazi ileile niliyoifanya mimi kwa gari la mwalimu, pole pole zaidi tu. Pateni chupa ya kupuliza yenye maji na matone machache ya shampuu ile isiyohitaji kusuuzwa, pulizeni eneo dogo mpaka lilowe, vuteni kitambaa safi upande mmoja tu, kigeuzeni, endeleeni. Na gari likiwa limetoka kwenye barabara ya vumbi jekundu, Dodoma huko au Chalinze ndani ndani, msiguse kabisa mpaka mfike kwenye maji.

Kuna desturi ya kupangusa gari kwa mafuta ya taa au dizeli liwake. Linawaka, ndiyo, mpaka jioni. Kesho yake limeshika vumbi mara mbili, waksi yote imetoka, na mipira ya madirisha inaanza kuchakaa. Mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa kutoa tone la lami, halafu unaosha hapohapo, hilo nalikubali. Gari zima, hapana.

Sasa polishi. Gari likishakuwa na utando kama hii Crown, tiba ipo: bafingi, yaani kupiga polishi kwa mashine. Lakini jueni maana yake. Bafingi haizibi mkwaruzo. Inasaga klia iliyozunguka mkwaruzo mpaka usawa wa chini ya mkwaruzo, ndipo uso unakuwa laini. Kila ukienda kwa fundi unapunguza ile karatasi niliyowaambia. Mara mbili tatu kwa maisha ya gari, kwa mkono wa fundi anayejua, linastahimili. Kila sikukuu ya Idi na Krismasi, halistahimili; jua litafika kwenye rangi, na paa litaanza kubabuka kama mgongo wa mtu aliyeungua. Mmeyaona magari hayo barabarani, yana mabaka meupe juu.

Muulizeni fundi maswali. Je, ameliosha kwanza? Je, amepitisha ule udongo maalumu wa kusafishia unaotoa chembe zilizogandamana? Mnaweza kupima wenyewe: valisheni mkono mfuko mwepesi wa mkate, mpapase boneti iliyooshwa na kukaushwa. Mfuko unakuza hisia za vidole. Mkisikia kama chunusi, kuna chembe zimeng'ang'ania, na fundi akipitisha mashine juu yake anazizungusha. Je, anaanza na dawa laini kwenye eneo dogo, au anakuja na ile kali moja kwa moja? Ile mashine ya mzunguko mmoja ina nguvu, mkono mgeni unaunguza klia kwenye kona na kingo kwa sekunde chache, na unaacha mawimbi yanayoonekana juani tu. Kwa hiyo gari lako usilipokelee kivulini jioni. Lipokee asubuhi, litoe juani, litazame kwa tochi hivi tulivyofanya leo.

Baada ya polishi, lifunike. Waksi ya karnauba inatokana na majani ya mti wa jamii ya mnazi unaomea kaskazini-mashariki mwa Brazil. Juu ya jeusi inaleta kina na joto la rangi ambalo mimi binafsi silioni kwenye kitu kingine. Kwa jua letu haidumu, wiki chache na unarudia. Waksi zile zilizotengenezwa maabara zinadumu miezi. Seramiki, ile dawa ya maji inayopakwa juu ya klia ikakauka na kuwa ngumu, inadumu zaidi, uchafu unateleza, kuosha kunakuwa rahisi, ni kitu kizuri kwa anayemudu. Ila anayewauzia akisema gari halitachubuka tena, msimwamini. Dodoki litaichubua seramiki pia. Na gari lililopigwa rangi upya lisiwekewe waksi mwezi wa kwanza angalau, rangi inahitaji kupumua mpaka ikomae.

Mwisho nina la malipo. Kuosha jeusi kwa namna hii kunachukua zaidi ya saa moja. Dereva anayefika na kusema "nipigie fasta, dakika kumi", analipa kwa bei ya dakika kumi, halafu analalamika gari limepauka, anamdhulumu kijana na anamdhulumu mwenye gari. Mkono mtupu haulambwi. Tukubaliane hapa leo, mbele ya Mwenyekiti, kwamba gari jeusi lina bei yake na muda wake, na kijana apewe vyote viwili. Na kijana akishapewa, asichukue kitambaa cha rimu akafutia mlango. Mimi nitakuja kukagua na tochi yangu, kwa nia njema tu, ili tusaidiane.

Jua halijafika bado huku upande wa uwanja, na boneti ya hii Crown nimeigusa sasa hivi, iko baridi. Ina harusi saa nane Msasani. Ndoo tatu ziko pale ukutani, ile ya bluu ndiyo ya maji ya mvua, msiiguse mpaka mwisho. Kijana mwenye shati la kijani, njoo uanze na rimu. Wengine sogeeni huku, mtazame maji yanavyotoka chini ya mlango.